Umri wa Shingo

Ng'ombe huzeeka maini kwanza. Pembe, meno na kwato hufuata baadaye, zikijikokota kama watu waliochelewa matanga. Wahenga waliosema kwamba ng'ombe hazeeki maini hawakuwahi kukaa mbele ya mashine ya kusomea tezi. Tupokigwe, msomaji katika kituo cha tezi za shingo, alikaa mbele yake kila siku ya kazi, na alikuwa ameona vijana wenye ngozi ya kung'aa ambao shingoni mwao mlikuwa na chembe zilizochoka kuliko babu zao. Alijua kwamba ya ndani humsaliti mtu wakati ya nje bado yanamtetea. Kwa hiyo aliigeuza methali, akaiandika hivyo ilivyogeuka juu ya mlango wa chumba cha kusomea, na Daktari Ambilikile, mkuu wa kituo, alipoiona alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Kituo kilikuwa mlimani juu ya Tukuyu, mahali ambapo mvua haiulizi msimu. Watu walipanda kutoka mabondeni wakiwa wamejifunga vitambaa shingoni, wengine kwa baridi, wengine kwa aibu ya uvimbe. Mambo yalianza Mwaka wa Vumbi, upepo ulipoleta majivu ya kinu cha umeme wa nyuklia kilichoungua katika nchi ya mbali. Ng'ombe walikula majani yenye vumbi, watoto wakanywa maziwa ya ng'ombe hao, na miaka ilivyokwenda shingo ikawa habari ya kila nyumba, kama zamani mavuno yalivyokuwa.

Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Ilidokoa punje ya nyama shingoni kwa sindano nyembamba, ikasoma vinasaba vyake, kisha ikatangaza umri wa tezi. Na kwa kuwa walioiunda walikuwa watu wenye adabu, ilimsalimu kila mmoja kwa umri iliousoma, si kwa umri wa cheti. Tezi ikiwa kongwe iliamkiwa: shikamoo. Ikiwa changa iliulizwa hali. Kuna mwalimu wa miaka thelathini aliyewahi kupewa shikamoo na mashine ile mbele ya mke wake. Alitoka akaenda moja kwa moja kuandika wosia.

Asubuhi moja zamu ilikuwa ya Bibi Sekela Mwakatobe, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye kovu jembamba lililozunguka koo kama uzi wa shanga, na juu ya kovu, uvimbe wa ukubwa wa kunde. Alijiweka kitini kwa majivuno ya mtu aliyekuja kupigwa picha.

"Hiki chuma chenu kikiniamkia nitakiitikia marahaba," alisema. "Ila pipi ya kukipa sina."

Tupokigwe alicheka, akamwinua kidevu. Sindano iliingia, ikatoka. Mashine ilinguruma kidogo, kama mtu anayesafisha koo, na sauti yake ya kike, ile nyororo iliyotengwa kwa ajili ya watoto, ikasema:

"Hujambo, mtoto? Usiogope. Hatutakuumiza. Uko darasa la ngapi?"

Bibi Sekela alicheka kwanza. Akacheka kwa nguvu, akapiga paja, akageuka amtafute mtu wa kucheka naye. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shingoni, ukagusa ile kunde, na kicheko kikakatika.

Kwenye kioo ilikuwa imeandikwa: kumi na saba.

Saratani ya tezi ya shingo ina tabia yake. Karibu peke yake kati ya saratani zote, humwuliza mtu umri pamoja na kumwuliza ukubwa wa uvimbe. Kwa watoto, hasa waliopigwa na mionzi, uzi wa vinasaba hukatika mahali pawili, na fundi wa mwili kwa haraka zake huunga ncha zisizojuana. Jeni mbili ngeni zikajikuta zimeoana bila posa wala mahari. Kwa watu wazima mara nyingi uzi haukatiki. Ni herufi moja tu iliyokosewa, kama karani aliyetaka kuandika "kula" akaandika "kufa". Na kwa wazee, juu ya kosa hilo huweza kuja jingine: ile saa inayoihesabia chembe siku zake huharibika, chembe ikasahau kwamba iliumbwa ifike mwisho. Wasomaji wa kituo walikuwa na msemo wao. Saratani ya mtoto hukimbia, lakini ukiiita hugeuka. Ya mzee hutembea taratibu, lakini haina masikio.

Katika nyama ya Bibi Sekela hapakuwa na herufi iliyokosewa. Saa ilikuwa nzima. Palikuwa na jeni mbili zilizooana, ndoa ya Mwaka wa Vumbi, safi kama mfano wa kufundishia. Na chini kabisa ya kioo, kwa maandishi madogo: mwenye tezi si mwenye mwili.

"Bibi," Tupokigwe alisema, "tezi hii uliipata wapi?"

Bibi Sekela alisimulia akitazama dirisha. Alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, tangu usichana, kutoka enzi ambazo chumvi ya milimani haikuwa na madini ya joto, yaani iodini, na lilikua mpaka likawa linamkaba akilala. Likakatwa lote. Kisha ikaja ile miaka ambayo vidonge vya tezi vilikatika nchi nzima, na watu waliokatwa rovu wakaanza kuvimba uso na kusinzia mchana kweupe. Ndipo madaktari walipoanza kuazimisha: kipande kidogo cha tezi ya ndugu kijana, kikakuzwa kwenye chupa, kikapandwa shingoni mwa mzee. Aliyejitolea alikuwa mjukuu wake, somo wake, Sekela mdogo, aliyepewa jina lake siku ya tatu ya kuzaliwa. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Alikaa kwenye kiti cha hospitali akitafuna muwa, akauliza kama na yeye atapata kovu, akaambiwa dogo, akasikitika kwamba ni dogo.

Miaka miwili baadaye mlima uliporomoka juu ya nyumba yao mchana, wakati wa mvua. Baba wa mtoto, mwana wa Bibi Sekela, aliingia kuchimba kwa mikono, na udongo wa pili ukamkuta. Yeye walimpata. Mtoto hawakumpata, hata kiatu.

"Angekuwa na kumi na saba sasa," Bibi Sekela alisema. Kidole kilikuwa bado shingoni. "Kumbe hakuacha kuhesabu."

*

Daktari Ambilikile aliisoma ile karatasi mara mbili, na safari hii hakucheka. Alimkumbusha Tupokigwe sheria, ingawa Tupokigwe aliijua kwa moyo: kilichopandwa ni cha aliyetoa, na aliyetoa akiwa mtoto, mwenye kuridhia kikatwe au kisikatwe ni mzazi wake, hata kama mtoto ameshafariki. Haikuwa sheria ya kijinga. Ilitungwa baada ya wazee wenye nguvu kuwageuza wajukuu wao kuwa bustani za kuchumia, leo tezi, kesho figo. Tupokigwe mwenyewe aliwahi kuisifu mbele ya wanafunzi, akasema kwamba ni sheria iliyoandikwa kwa magoti, mtungaji akiwa amejishusha kufikia kimo cha mtoto.

Picha zilionyesha kwamba saratani ilikuwa imeshaingia kwenye matezi ya pembeni na kutia vitone vichache mapafuni. Kwa tezi changa hilo halikuwa la kutisha. Vidonge vya tezi vilikuwa vimerudi madukani, kwa hiyo unakata yote, kisha unamnywesha mgonjwa maji ya iodini yenye mionzi, nayo hutafuta kila chembe ya tezi iliyojificha mwilini na kuichoma. Saratani za aina hiyo hugeuka zikiitwa. Isipokatwa, ingelijaza koo lile mpaka hewa ikose njia. Daktari Ambilikile aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo hakuna aliyejua kwa hakika: saratani ya mtoto ikikaa katika damu ya mzee, hutii umri wa herufi zake au umri wa damu inayoilisha? Sheria ilisema herufi. Sheria haijawahi kuugua.

Mzazi wa Sekela mdogo alikuwa kwenye benchi barazani, na chupa ya chai kwenye mapaja. Aliitwa Bupe, mjane wa miaka arobaini hivi, aliyebaki akiishi na mama mkwe wake katika nyumba mpya iliyojengwa mbali na mlima. Tupokigwe alikaa kando yake, akamweleza yote bila kuzungusha. Alitegemea kilio. Bupe aliuliza swali moja.

"Ilimsalimuje?"

"Nani, Mama?"

"Hiyo mashine. Unasema imemwona. Ilimsalimuje?"

Tupokigwe alimwambia. Bupe aliweka chupa ya chai chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka, akasema anataka kusikia. Haikuruhusiwa, wala haikukatazwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angeomba. Punje ya nyama ilikuwa bado kwenye kigae chake cha kioo. Tupokigwe alikirudisha mashineni, nao wakasimama wawili, mvua ikipiga bati.

"Hujambo, mtoto?" mashine ikasema.

"Sijambo," Bupe akajibu, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake.

"Usiogope. Hatutakuumiza. Uko darasa la ngapi?"

"La tano."

"Vizuri sana. Unapenda somo gani?"

Bupe alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kidogo, kama mtoto anayefikiri, na alikuwa anafungua mdomo kujibu. Tupokigwe alizima umeme.

Walibaki kwenye mwanga hafifu wa dirisha wakisikiliza bati. Kisha Bupe akasema, sasa kwa sauti yake: "Hamkati."

Tupokigwe alimweleza kwamba bila kukatwa Bibi Sekela atakufa, na si kifo cha usingizini. Bupe alisema anajua. Alisema mama mkwe wake ni mtu mwema, amekula chumvi nyingi, amezika mume, amezika mwana, na kila mtu ana siku yake. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayepanga vyombo.

"Mume wangu nina kaburi lake," alisema. "Huyu sina hata ukucha. Nina ile shingo. Mama akimeza uji, nami naona anameza. Siku Mama atakapokwenda watakwenda wote wawili, nitawazika mahali pamoja, na nitajua pa kupalilia. Nikuombe nini kingine, dada? Sikuombi umfufue. Nakuomba unipe pa kumzika."

"Kikikatwa naweza kuomba..."

"Utanipa nikazike?"

Nyama ya tezi ya kuazima haikutoka kituoni. Ilichomwa kwenye tanuru siku hiyo hiyo, kwa sababu palikuwa na watu walioiba vipande kama hivyo na kuvikuza upya ili kuviuza. Na zile chembe zilizotawanyika zingeyeyuka ndani ya mwili, zikatoka na jasho na mkojo. Hakuna kingebaki cha kutia kwenye sanduku, hata la kiberiti.

"Basi," Bupe alisema, akaenda kuokota chupa yake ya chai.

*

Bibi Sekela alikuwa wodini, amekaa kitandani na viatu vyake miguuni, kama mgeni anayengoja kuambiwa aondoke. Aliposikia jibu la mkaza mwana wake alitikisa kichwa, si kwa mshangao.

"Unajua miaka hii yote hajanitazama machoni?" alisema. "Ananitazama hapa. Akinipikia ananiuliza koo linataka nini, si mimi nataka nini. Nikikohoa anakuja mbio, nikilia haji. Siku ya kuzaliwa ya yule mtoto hunivisha skafu mpya. Nami huivaa. Nafunga mdomo na kuivaa."

Tupokigwe alivuta kiti, akaketi.

"Nilimpenda mjukuu wangu kuliko mboni ya jicho. Alikuwa akiniita mke mwenza, tukigombania babu yake mpaka babu anakimbia nyumba. Lakini mimi si kaburi la mtu, mwanangu. Nina shamba la viazi. Nina kesi ya mpaka na jirani ambayo nataka nishinde nikiwa hai nimwone uso wake. Nataka kuishi mimi mwenyewe, siyo kutunzwa kama jiwe la kichwani pa maiti. Ni dhambi hiyo?"

"Si dhambi, bibi. Lakini ridhaa si yako."

Bibi Sekela aliuliza ridhaa hiyo huchukuliwaje. Tupokigwe akamweleza: kesho yake asubuhi wangeingia kwenye chumba cha ridhaa, mashine ingemtaka mzazi ataje jina kamili la mwenye tezi, kwa sauti, kisha aseme ndiyo au hapana. Sauti huhifadhiwa. Mzazi akishindwa kutaja jina kwa usahihi, mashine humwita mwingine anayedai haki.

Bibi Sekela aliinama, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja kimoja na kuvipanga chini ya kitanda.

"Jina kamili," alisema.

"Ndiyo."

"La somo wangu."

Hapo ndipo Tupokigwe alipoelewa, na akatamani asingeelewa. Alikuwa mtoto wa mabonde yale yale. Katika nyumba kama ya Mwakatobe, mke aliyeolewa hatamki jina la mkwe wake, wala mbele yake, wala nyuma yake, hata kama jina hilo amepewa mtoto aliyetoka tumboni mwake. Mama yake Tupokigwe mwenyewe alikuwa akimwita mwanawe mwenye jina la babu "Yule Mzee" tangu akiwa ananyonya. Bupe alimwita binti yake Kabibi. Kwenye kliniki, shuleni, kanisani, jina la cheti lilitajwa na baba. Na mlima ulipoporomoka, wenye kuita jina juu ya matope siku nzima walikuwa majirani.

Lakini Tupokigwe alijua na jambo jingine. Kanuni za chumba cha ridhaa zilisema kwamba asiyeweza kutamka, kwa ububu au kwa sababu nyingine yoyote, apewe kibao aandike. Kibao kilikuwa kwenye droo ya meza yake. Bupe alijua kuandika. Kilichotakiwa ni msomaji wa zamu kusema: Mama, kama kutamka ni kugumu, andika.

Alirudi nyumbani na hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Upande mmoja alimweka mtoto ambaye sheria ilipiga magoti kwa ajili yake, na mama asiye na kaburi. Upande wa pili alimweka mwanamke mwenye shamba la viazi. Alipojaribu kuwaza kwa niaba ya mtoto, alisikia ile sauti nyembamba ikisema "la tano", na hakujua tena nani aliyesema.

*

Chumba cha ridhaa kilikuwa kidogo, chenye viti vitatu, meza ya msomaji, na kioo ambacho mashine ilisemea. Bupe aliingia amevaa nguo zake za kanisani. Bibi Sekela aliingia nyuma yake, akaketi akiuelekea ukuta. Tupokigwe alikaa kwenye meza yenye droo.

"Mzazi wa mwenye tezi," mashine ikasema, "taja jina la mwanao."

Bupe alisogea mbele. "Kabibi," alisema.

"Jina halilingani. Taja jina la mwanao."

Alitazama pembeni, akamwona mama mkwe wake, akateremsha macho. "Binti yangu wa kwanza," alisema. "Binti wa pekee. Aliyekuwa shule ya msingi, darasa la tano. Aliyepotea kwenye maporomoko."

"Jina halilingani. Taja jina la mwanao."

Bupe alifungua mdomo. Tupokigwe aliona ulimi ukipanda kwenye meno kutafuta ile herufi ya kwanza, aliisikia hata pumzi yake, sss, kama maji yanayoanza kuchemka. Ikafika hapo ikasimama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alikuwa akimtazama Bibi Sekela sasa, si shingo, akiyatafuta macho yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akimwomba lile ambalo mkwe mwenye huruma angeweza kutoa kwa maneno mawili: taja, nimekuruhusu.

Bibi Sekela aliendelea kuutazama ukuta.

Bupe akamgeukia Tupokigwe. Mkono wa Tupokigwe ulikuwa juu ya meza, kidole kimoja kikigusa kishikio cha droo, chuma cha baridi. Alikihisi kidole hicho kana kwamba ni cha mtu mwingine. Angeweza kuvuta. Palikuwa na muda. Mashine, kwa adabu yake, ilingoja muda mrefu kuliko ambao binadamu yeyote angengoja.

Aliondoa kidole, akauweka mkono kwenye mapaja.

"Kama yupo mwingine mwenye haki juu ya tezi hii," mashine ikasema, "ajitaje."

"Sekela Mwakatobe," Bibi Sekela aliuambia ukuta.

"Jina linalingana. Sekela Mwakatobe, unaridhia?"

"Naridhia."

Haukuwa uongo. Jina lilikuwa lake, na somo kwa somo ni mtu na kivuli chake. Wapo wazee mabondeni ambao wangeapa kwamba Sekela ni mmoja tu, amegawanywa. Mashine, iliyolinganisha jina tu, ilikuwa imefundishwa adabu zote isipokuwa hiyo. Ikashukuru, ikafunga shauri. Bupe alibaki amesimama na mdomo wazi nusu, ile pumzi bado imekwama menoni. Hakupiga kelele. Alitoka akitembea kinyumenyume, kama mtu anavyoondoka mbele ya wakwe.

Daktari Ambilikile alisikiliza sauti zilizohifadhiwa mchana huo. Alimtazama Tupokigwe, akasema kwamba mashine imeridhika, na yeye ni nani aipinge, akaenda kunawa mikono kwa ajili ya upasuaji.

*

Bibi Sekela alikatwa, akanyweshwa maji ya mionzi, akafungiwa peke yake mpaka ukali wake ulipopungua. Vitone vya mapafuni vilififia, kimoja baada ya kingine. Saratani iligeuka ilipoitwa, katika damu ya kizee kama ambavyo ingegeuka katika damu ya mtoto, na Daktari Ambilikile aliandikiana na madaktari wa mbali kuhusu jambo hilo kwa furaha isiyofichika. Siku ile nyama ilipopelekwa kwenye tanuru Tupokigwe aliomba aibebe yeye. Ilikuwa nyepesi, yenye rangi ya matofali. Alisimama mlangoni mpaka moshi ulipoisha, kisha akarudi kazini akakosea kusoma shingo mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Bibi alipokuja kupimwa baada ya mvua kubwa, mashine ilidokoa kwenye kovu lake, ikanguruma, ikanguruma tena.

"Hapa hakuna mtu," ikasema.

Bibi Sekela, aliyekuwa ameanza kusimulia jinsi jirani alivyoumbuka kwenye kesi ya mpaka, alinyamaza katikati ya neno. Alikaa kitini mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuchungulia. Alipoondoka aliondoka peke yake. Bupe alikuwa amehamia kwa kaka zake, akaacha chungu jikoni na moto umezimwa vizuri.

Alikuja yeye mwenyewe kituoni, Bupe, mwishoni mwa baridi, mchana wa ukungu. Tupokigwe alimwona akiwa bado mbali, akajua, akamwambia mgonjwa wa zamu angoje. Hawakusalimiana. Bupe alisema alikuwa na shangazi bubu, aliyeletwa hapa wiki iliyopita kwa ajili ya mtoto wake. Shangazi alipewa kibao akaandika.

"Kumbe kulikuwa na kuandika," Bupe alisema.

"Kulikuwa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Kilikuwa kwenye droo."

"Uliniona nimesimama pale. Uliniona nahangaika."

"Nilikuona."

Bupe alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayekubali bei. Macho yake yalikuwa makavu. Alisema hakuja kushtaki, kaka zake walitaka kushtaki na yeye aliwakataza, kwa kuwa mahakama haina udongo wa kumpa. Alisema huota nyumba ya udongo yenye mlango mmoja, na mtoto yuko ndani, na anachotakiwa ni kumwita jina atoke. Kila akiota husimama mlangoni hadi kunakucha. Alichokuja kutaka ni kidogo. Alitaka msomaji amtazame na kumwomba msamaha, basi, ili angalau mtu mmoja aliyekuwa ndani ya chumba kile aseme kwamba amekosewa.

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Tupokigwe alitamani kushusha macho, akayazuia.

"Pole nakupa, Mama Kabibi," alisema. "Nakupa leo, na ukipita hapa mwaka kesho nitakupa tena, kwa sababu umefiwa mara mbili, na mara ya pili mkono wangu ulikuwemo. Pole ni haki yako, ichukue. Samahani ni kitu kingine, tusiyachanganye. Anayeomba samahani anasema kwamba siku ile ikirudi atafanya vingine. Ikirudi, droo sitaifungua. Siombi samahani."